Vidonge vya Profesa

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu amenipa daftari hili pamoja na amri. "Dada, andika. Mtu akiandika hasahau." Amechoka nami, na simlaumu. Juzi nilimpigia simu mara mbili kumpa habari ile ile, na mara zote mbili nikacheka pale pale.

Basi naandika. Mimi ni mkata nguo katika karakana ya sare za shule. Wenzangu wananiita Mkasi, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya ulimi. Nina mume fundi mwashi, mama mkwe anayekaa nasi, binti mmoja, wavulana wawili wadogo, na kichwa ambacho siku hizi kinavuja kuliko bati la jiko letu.

Mvua zimeanza leo.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi karakanani kuufuata mwavuli. Nilikuwa nimeushika.

Alhamisi, 6 Machi

Huu ndio msimu wetu. Shule zinaagiza sare mapema, nasi tunakata mpaka vidole vinakufa ganzi. Kazi yangu inaanza kabla cherehani yoyote haijalia. Natandika kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, naweka kiolezo cha karatasi juu yake, nakizungusha kwa chaki, kisha nakata rundo zima kwa mpigo. Kitambaa cha suruali kina uso na mgongo. Tabaka moja litazame juu, linalofuata litazame chini, ndipo upate mguu wa kulia na wa kushoto. Hilo hata mwanagenzi hulijua siku ya kwanza.

Leo Bosi ameuliza chaki zinakwenda wapi. Mpiga pasi akamjibu kwamba labda panya wa humu ndani wameanza shule. Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Chaki nazila mimi.

Nimeshaandika, basi. Sijawahi kumwambia mtu. Ilianza baada ya kumzaa huyu wa mwisho, damu yangu ya mwezi ilipoanza kutoka kama bomba lililopasuka. Mwanzoni nilikuwa nainusa tu. Sasa namega kipande, nakiweka chini ya ulimi, kinayeyuka taratibu na mwili wote unatulia. Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Harufu ya udongo uliolowa inanijaza mate mdomoni, nami ni mtu mzima mwenye watoto watatu. Naona aibu.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumbani anayepakua chakula ni mama mkwe. Kwanza mwanawe, kwa sababu anabeba mawe. Kisha wavulana, kwa sababu wanakua. Sisi wanawake watatu tunamalizia mchuzi na chai. Chai yetu ni nzito, tunainywa na chakula na baada ya chakula, maana ndiyo inayoziba pengo. Mvua zimesimamisha ujenzi, baba watoto yuko nyumbani kutwa na habebi hata tofali, lakini nyama bado inamfuata kwa mazoea. Nilisema hivyo kwa sauti.

"Ulimi wako mrefu," akasema mama mkwe. "Utafune huo."

Binti yetu tunamwita Profesa. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, alipomkuta akiwa mdogo anahesabu matofali ya ukuta mzima kwa kuutazama tu. Siku hizi jina linatajwa kwa kejeli. Ana miaka kumi na tano. Tangu avunje ungo amekuwa mtu mwingine: anasinzia juu ya kitabu, anauliza jambo, ukimjibu anauliza tena. Mwaka jana alikariri darasa. Baba yake anasema ni wavulana. Mama mkwe anasema ni urithi, kichwa panzi kama mama yake. Mimi nasema ni uvivu. Leo nimemwita mvivu mbele ya wadogo zake, naye akaendelea kufua soksi moja kwa muda mrefu sana.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimesahau neno "sindano". Nikamwambia mpiga pasi, "Nipe ile ya kuchomea." Akanipa pasi.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo nikisimuliwa ningesema mtu huyo alikuwa amelewa.

Tulipewa suruali za shule kubwa, oda ya haraka. Nilitandika tangu asubuhi. Kichwa kilikuwa kizito, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, na kila nikigeuka kuvuta kitambaa, meza inasogea kidogo. Nilitandika tabaka zote zikitazama juu. Zote. Nikaweka kiolezo, nikachora, nikakata, nikafunga mafurushi vizuri kwa kamba, nikajisifu kwamba leo nimemaliza mapema.

Mshonaji wa kwanza alichukua kipande, akatafuta mwenzake. Akachukua kingine. Akaja nacho mezani kwangu akiwa hana hakika kama yeye ndiye aliyekosea. Ilikuwa miguu ya kulia mitupu, rundo zima la miguu ya kulia.

Cherehani zikasimama. Mpiga pasi peke yake ndiye aliyejaribu kuniokoa. "Tutafute shule ya wanaoruka kwa mguu mmoja." Hakuna aliyecheka.

Bosi hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Aliokota kipande kimoja akakikunja. "Mkasi," akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha mimi kutandika. Una nini?"

Nikasema sijalala vizuri. Nalala kama gogo, na naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

"Ikitokea tena, meza nitampa mwingine. Nitaumia, lakini nitampa."

Njiani nililia kwa hofu. Namkumbuka shangazi yangu mmoja aliyepotewa na akili uzeeni, akawa anamwomba kila mgeni amrudishe kwao. Alikuwa na miaka themanini. Mimi sijafika hata arobaini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeitwa shuleni kwa Profesa. Mwalimu wake wa darasa ni kijana mpole, anaongea akikwepa macho kama anayedai kilicho chake kwa mkwewe.

"Mama, binti yako anaiba chaki."

"Anachorea nini?"

"Hatujui. Boksi zima limekwisha." Kisha akapumua. "Na kuna hili la mtihani wa kupanda darasa. Unaanza tarehe kumi na mbili Mei. Aliyekwisha kukariri hana nafasi nyingine. Akishindwa, au asipofanya, kiti chake anapewa mtoto mwingine. Nakwambia mapema kwa sababu nampenda. Zamani alikuwa anang'aa."

Tulirudi kwa miguu. Mvua ikatukamata, tukajibanza chini ya baraza la duka lililofungwa.

"Chaki unafanyia nini?"

Akabana midomo.

"Fungua mdomo."

Ulimi wake ulikuwa mweupe. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumpiga. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Sijui kwa nini, mama. Nikila natulia. Ikinyesha mvua ndiyo siwezi kabisa kujizuia."

Ni maneno yangu mwenyewe. Nikashusha mkono, nikaingiza mfukoni, nikatoa kipande changu cha bluu chenye alama za meno. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Tulicheka mpaka mpita njia akageuka. Kisha yeye akaanza kulia, na mimi nikafuata. Tangu alipokuwa mchanga sijapata kumshika mtoto huyu kwa muda mrefu vile. Kucha zake zimebonyea kama vijiko, na zangu pia. Sikuwahi kuziangalia.

Jumatatu, 24 Machi

Tumekwenda zahanati. Muuguzi ni mama wa makamo aliyevaa viatu vya mvua ndani ya nyumba. Alivuta kope zetu za chini, kwanza zangu, kisha za Profesa.

"Chaki au udongo?" akauliza, kabla sijafungua mdomo.

"Chaki."

"Afadhali. Mwenzenu wa jana alikuwa anakula tofali."

Wakatutoboa vidole. Tukasubiri kwenye benchi. Majibu yakaja.

"Damu yako ni saba. Ya binti ni tisa. Mwanamke anatakiwa kumi na mbili kwenda juu. Wewe, dada, unatembea kwa ubishi tu."

Nikamweleza habari ya suruali, ya maneno yanayonipotea, ya mtoto anayesinzia vitabuni. Alisikiliza huku akiandika.

"Mmepungukiwa madini ya chuma. Mwili unayatumia kutengeneza damu, na damu ndiyo inayopeleka hewa kichwani. Ubongo wenyewe nao unayahitaji kukumbuka na kutulia kwenye jambo moja. Yakipungua unakuwa kama tochi yenye betri iliyochoka. Inawaka, lakini huwezi kuisomea. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu kila mwezi tunayamwaga, halafu mezani tunapakuliwa mwisho."

"Kwa hiyo si mvivu?" nikauliza.

"Nani alisema ni mvivu?"

Profesa aliangalia sakafu. Sikusema ni nani.

Tumepewa vidonge vya kuongeza damu. Kimoja kwa siku, na chungwa kama lipo. Chai ikae mbali na chakula na mbali na kidonge. Chaki marufuku, maana inayazuia madini tumboni. Tutasikia kichefuchefu na choo kitakuwa cheusi, tusiogope. Mimi nitakwenda hospitali kubwa watafute sababu ya damu yangu kutoka vile.

"Tutapona lini?"

"Damu itaanza kupanda baada ya wiki kadhaa. Kichwa kina mwendo wake. Hesabu miezi."

"Ana mtihani Mei."

"Basi aanze leo."

Jumanne, 25 Machi

Profesa atakuwa anameza chake shuleni saa ya mapumziko, kwa sababu nyumbani asubuhi ni chai tu na bibi yake hataki mtu aikatae. Vidonge vinakaa kwenye mkoba wake. Kesho nitamweleza mama mkwe, na baba yake pia.

Nimemwomba mtoto radhi kwa lile neno. Akasema, "Hata mimi nilikuwa najiita hivyo."

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Kinywa kinaililia chaki kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Kichefuchefu. Mpiga pasi ananiuliza ni mwezi wa ngapi. Nikamwambia karakana ikifungwa nitazaa sare.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana nilikula chaki. Nusu kipande. Naandika ili nione aibu, na naona.

Profesa hajagusa. Ana roho ngumu kuliko mimi. Anasoma amesimama, ubavu ukiegemea ukuta, ili asisinzie. Mama mkwe anamwambia ukuta utaanguka, baba yake anasema ukiisha kuanguka walau atapata kazi. Kicheko cha nyumba hii kimebaki hicho.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekata siku nzima bila kosa. Nilirudia kuhesabu nyuso na migongo kila baada ya tabaka chache, polepole kama kobe. Bosi alipita, akatazama, akaendelea na njia yake.

Profesa amepata alama nzuri kwenye jaribio la hesabu. Si nzuri kama zamani. Lakini alinionyesha karatasi mwenyewe, na mwaka mzima alikuwa anazificha.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imeng'oa sehemu ya barabara. Profesa ametapika asubuhi. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu.

Jumanne, 6 Mei

Zimebaki siku chache. Oda zimetuzidi, hata Jumapili tutafanya kazi. Profesa anajiuliza maswali na kujijibu akiwa anaosha vyombo. Nimesimama nyuma ya mlango nikimsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nimeamini kwamba atapita.

Jumanne, 13 Mei

Nitajaribu kuandika yote kwa mpangilio wake. 

Jumapili nilikuwa kazini. Mama mkwe alichukua mkoba wa Profesa kuufua, ili mtoto aende na mkoba safi kwenye mtihani. Alitaka kumfanyia jambo jema. Akavikuta vidonge. Anavijua. Kila nilipokuwa mjamzito nilikuwa naletewa vile vile kutoka kliniki, vyekundu, kwenye mfuko mdogo wa karatasi, na yeye ndiye aliyekuwa ananikumbusha kuvimeza. Kwake vidonge vile vina maana moja tu. Akaviweka pamoja na kutapika kwa asubuhi, na kulala hovyo. Akamwita mwanawe.

Nilipoingia nyumbani jioni nilimkuta Profesa amekaa chini kwenye kona ya sebule, shavu limevimba. Baba yake amesimama. Wavulana wametolewa nje.

"Nitajie jina," alikuwa anasema. "Jina moja tu."

"Hakuna, baba."

Nikaeleza. Nilieleza chaki, zahanati, kidole kilichotobolewa, saba na tisa. Nikatoa vidonge vyangu mimi, nikavimwaga mezani.

"Wewe una damu mbaya, tunajua," akasema mume wangu. "Huyu ana nini? Mbona hatukuambiwa?"

"Nilimwambia mama."

Mama mkwe akashika kifua. "Mimi? Hukuniambia kitu, mwanangu. Naapa."

"Nilikwambia. Ulikuwa unachambua maharage."

"Hukuniambia."

Nayaona yale maharage. Naiona sinia. Naisikia sauti yangu ikisema "madini ya chuma". Lakini pia niliwahi kuiona miguu ya kulia na ya kushoto kwenye rundo lile, nikafunga kamba na kujisifu. Nimerudi kwenye kurasa hizi. Tarehe ishirini na tano nimeandika kwamba kesho nitamweleza. Kesho yake sikuandika kitu. Hilo halithibitishi lolote, siku nyingi nafanya mambo nisiyaandike. Mama mkwe naye kichwa chake si cha kuapiwa. Wawili tulisimama pale, kila mmoja ana hakika, na hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwamini kati yetu.

"Unamficha," akasema mume wangu. "Mama na mwana lenu moja."

Jumatatu asubuhi aliondoka mapema kuliko sisi. Mimi nikamchukua Profesa, ameshavaa sare, nikampeleka zahanati apimwe mimba, ili niende shuleni na karatasi mkononi. Heri ningempeleka moja kwa moja kwenye mtihani. Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka kuliwaza. Mtu mwenye akili timamu angesema mtihani kwanza, vipimo baadaye. Kichwa changu kilishika jambo moja, cheti, kikang'ang'ana nalo.

Maji yalikuwa yameingia chumba cha maabara. Walikuwa wanayachota kwa ndoo. Tukasubiri. Profesa alikuwa anatazama saa ya ukutani na midomo inacheza, anajiuliza na kujijibu. Kisha midomo ikaacha kucheza. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, lakini tulikuwa wa pili kwenye foleni, nikasema basi, tumalizie.

Muuguzi yule yule akatoka na karatasi. "Hana mimba. Nani aliyesema ana mimba?"

Tulikimbia kwenye matope. Langoni mlinzi hakutufungulia. Akatueleza: baba yake Profesa alikuwa ameshafika tangu asubuhi, amesimama katikati ya uwanja na watoto wote wamepanga mstari wa kuingia kwenye mtihani, akapaza sauti atajiwe aliyempa mwanawe mimba. Mwalimu mkuu alitoka akapokea karatasi yetu kupitia nondo za lango, akaisoma mara mbili.

"Pole, mama. Mzazi mwenyewe ndiye aliyetuambia. Karatasi ya kwanza imeshakusanywa."

"Mpeni ya pili."

"Asiye na ya kwanza hana matokeo. Kamati itakaa."

Mwalimu kijana alikuwa nyuma yake. Aliangalia viatu vyake.

Profesa hakulia. Alisema tu, "Twende, mama, tutalowa," na wakati huo tulikuwa tumeshalowa zamani.

Alhamisi, 15 Mei

Mume wangu ameiona karatasi ya vipimo. Aliishika kwa pembe mbili. "Niliona vidonge," akasema. "Ulivimeza kwa mimba zako zote." Kisha akatoka akakaa kwenye mvua. Sikumwita. Nilimwacha alowe, na nilifurahi.

Jumanne, 20 Mei

Nilitaka kumchukia mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kabisa.

Leo alikuja jikoni nilipokuwa peke yangu, akakaa kwenye kigoda. "Ile chaki," akasema. "Ni tamu?"

Nikadhani ananikejeli.

"Mimi nilikuwa nalamba ukuta," akasema. "Nilipoletwa kwa mume wangu nikiwa mwari. Ukuta wa udongo, nyuma ya kitanda. Nililamba mpaka pakawa na shimo la kuingia ngumi. Mvua ikinyesha nilikuwa nageukia ukutani mume asinione. Wakasema mke gani huyu, anatumwa chumvi analeta maji. Nilipigwa kwa kusahau. Watoto wangu wawili niliwazaa nikiwa sijui niko wapi. Mpaka leo wifi zangu wakinipigia simu wananiita Zuzu." Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya sabuni. "Nilivyomwona Profesa amepoteza akili nikasema ndivyo tulivyo. Kumbe ni kitu cha kumezea dawa."

"Mama, nilikwambia au sikukwambia?"

Alifikiri kwa uaminifu wote. "Mwanangu, sijui. Siku ile niliapa kwa sababu mwanangu alikuwa amesimama pale."

Nikamkumbatia. Mimi, Mkasi. Nikipona sawasawa huenda nitakumbuka, na naogopa siku hiyo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempeleka mama mkwe zahanati. Yake ni sita na nusu. Alimwuliza muuguzi kama vidonge vitamrudishia na ile miaka. Muuguzi, ambaye ana jibu kwa kila mtu, alimshika mkono tu, akamwambia yeye ataandikiwa rufaa, maana kwa umri wake lazima ijulikane damu inapotelea wapi.

Jumatano, 28 Mei

Kamati imekaa. Kiti kimekwenda kwa mwingine. Mwalimu kijana alileta barua mwenyewe, akakataa kuketi.

Jumatatu, 2 Juni

Profesa ameanza kazi karakanani, ananisaidia kutandika. Tumekubaliana kusema ni kwa muda. Baba yake amepata kibarua na anazunguka kutafuta shule nyingine. Zote zinauliza kwanza kwa nini aliondoka ile ya mwanzo, na zikishaambiwa, hata kwa karatasi, zinasema nafasi zimejaa. Anapakuliwa nyama, anaisukuma kwenye sahani ya binti yake. Profesa anairudisha. Inakaa katikati ya meza mpaka inapoa.

Alhamisi, 12 Juni

Damu yangu ni kumi. Maneno yanarudi moja moja. Nimewaamkia majirani wote kwa majina yao. Mtu angeniona angedhani nagombea uongozi.

Ijumaa, 27 Juni

Mvua zimekatika kabisa, barabara imekauka na vumbi limeanza.

Leo tulikuwa na sketi za shule ile aliyokuwa anasoma. Profesa alisimama akaviangalia violezo vilivyolala juu ya kitambaa, akageuza kimoja kichwa chini, akakisogeza kwenye ubavu wa mwenzake, akageuza na cha tatu. "Tukilaza hivi, mama, kila tandiko linatoa sketi moja zaidi." Nikapima, na ni kweli. Nimekata sketi tangu yeye hajazaliwa, sikuwahi kuliona hilo. Bosi aliitwa, akazunguka meza.

"Kichwa hiki kilikuwa wapi?" akauliza.

Mpiga pasi akainama kwenye pasi yake. Sote tukawa na kazi ya kufanya.

Mchana alipita rafiki yake wa darasani kumsalimia, ameshapanda darasa, ana karatasi ya ule mtihani kwenye begi. Profesa akaiomba. Aliisoma akiwa amekaa juu ya majora, toka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, midomo ikicheza kidogo. Akaikunja vizuri akamrudishia.

"Ilikuwa ngumu, eti?" rafiki akasema, kwa huruma.

"Ngumu," akajibu.

Rafiki alipoondoka alikuja akasimama kando yangu.

"Nayajua yote, mama. Hata lile la mwisho."

"Najua, mwanangu."

"Zamani nilikuwa siumii hivi. Nilikuwa najijua mimi ni mjinga, basi, nalala. Ungeniacha hivyo hivyo."

 Saa ya kidonge ilipofika nilimmenyea chungwa, nikampa. Akakiweka kidonge kiganjani, akakitazama kwa muda mrefu, nami nikaogopa kwamba atakitupa, na nikaogopa vile vile kwamba atakimeza kwa kunitii tu. Akakimeza. Kisha akanishikia ncha ya kitambaa, tukaendelea kutandika sketi za wenzake.